Uliza Fundi: Pedali iliyozama mzunguko wa nne

Barua tatu za mwezi huu zinazungumzia jambo moja, yaani joto la breki, ingawa waandishi wake wanaendesha vyombo visivyofanana hata kidogo. Nimeanza na ya Shangani kwa sababu ndiyo yenye mengi ya kueleza, na mengine yaliyomo ndani yake yatamsaidia hata yule ambaye hatakanyaga uwanja wa mbio maisha yake yote.

SWALI: Fundi, shikamoo. Mimi ni mkazi wa Shangani, hapa Mtwara mjini. Katikati ya mwaka nilimtembelea kaka yangu anayefanya kazi Johannesburg, naye akanilipia nafasi katika siku ambayo uwanja wa Kyalami huwafungulia watu wa kawaida waendeshe magari yao kwa kasi bila kushindana. Gari lilikuwa Subaru Impreza WRX yake, ambayo nimeiendesha barabarani mara nyingi na sijawahi kuzilalamikia breki zake. Mizunguko mitatu ya kwanza ilikwenda vizuri. Katika mzunguko wa nne nilikanyaga breki kabla ya kona, pedali ikazama mpaka karibu na zulia. Nikapampu mara mbili, gari likapunguza mwendo kidogo, nami nikatoka nje ya lami, nashukuru bila kugonga kitu. Baada ya nusu saa ya kupumzika, breki zilikuwa nzuri kama vile hakuna kilichotokea. Kaka anasema tusirudi mwakani kabla ya kununua diski kubwa za mbele na kalipa zake, yaani vile vyuma vinavyozibana pedi kwenye diski, na bei yake si mchezo. Je, hiyo ndiyo dawa? — Msomaji wa Shangani

JIBU: Marahaba, na pole kwa mshtuko. Kabla kaka yako hajatoa hata senti, naomba tuisome tena sentensi yako moja: pedali ilizama. Hukusema kwamba pedali ilikuwa ngumu na gari likakataa kusimama. Hayo ni magonjwa mawili tofauti, ingawa watu wengi huyaita yote "breki kufeli", na dawa ya moja haitibu jingine.

Pedali ikiwa ngumu kama kawaida, ukaisukuma kwa nguvu zako zote na gari likaendelea kuteleza kwenda mbele huku harufu kali ikiingia ndani, basi pedi ndizo zilizoshindwa. Gundi inayoshikanisha malighafi ya pedi imepata joto kuliko ilivyokusudiwa, imeanza kutoa gesi na kulainika, na pedi haishiki tena diski sawasawa. Pedali ikilegea na kuzama, tatizo liko kwenye mafuta ya breki, ambayo madereva wengi wa huku huyaita hidroliki. Mafuta hayo hufanya kazi kwa sababu hayabanwi: unasukuma upande huu, pistoni inasogea upande ule. Yakichemka hutoa viputo vya mvuke, na mvuke hubanwa kama hewa iliyomo ndani ya mpira. Mguu wako ulikuwa unabana viputo, na pedi hazikupata msukumo wa kutosha. Ulipopampu, uliongeza mafuta kidogo kwenye mfumo, ndiyo maana gari likapunguza mwendo. Ulipopumzika nusu saa mvuke ukarudi kuwa mafuta, na pedali ikapanda. Ndiyo tabia ya ugonjwa huu, mgonjwa hufika kwa fundi akiwa mzima.

Sasa tutazame ni kwa nini barabarani hukuliona. Nguvu ambayo gari limebeba kwa sababu ya mwendo huongezeka kwa mraba wa mwendo huo: mwendo ukiwa mara mbili, nguvu huwa mara nne, na breki huigeuza karibu yote kuwa joto. Chukua gari la kilo 1,500 pamoja na dereva. Kulisimamisha kabisa kutoka kilomita 80 kwa saa hutoa joto la juli (kipimo cha nishati) takriban 370,000. Kulipunguza kutoka kilomita 200 mpaka 80 kwa saa, bila hata kulisimamisha, hutoa karibu juli 1,900,000, yaani zaidi ya mara tano. Kwa lugha ya jikoni, joto hilo lingetosha kuchemsha lita sita za maji ya bombani hapa Mtwara, na breki hulitoa kwa muda usiofika sekunde tano. Magurudumu ya mbele hubeba sehemu kubwa zaidi kwa sababu gari huinamia mbele linapokamatwa breki. Kwa diski za mbele zenye uzito wa kilo nane kila moja, breki moja ya namna hiyo inaweza kupandisha joto la chuma kwa nyuzi karibu 180 za Selsiasi kabla upepo haujapata nafasi ya kulipunguza. Kisha inakuja kona nyingine kabla diski haijarudi ilikokuwa, halafu nyingine. Mzunguko wa nne, kwa gari ambalo halikuandaliwa, haunishangazi.

Kuna jambo la mahali pia, ambalo sisi tuliozoea usawa wa bahari hatulifikirii. Nyanda za Johannesburg ziko zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari, na hewa ya huko ni nyepesi kuliko ya Mtwara kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi. Kinachopoza breki ni hewa. Hewa ikipungua uzito, inaondoa joto pungufu kwa kila pumzi inayopita kwenye diski, na vilevile mwili wa gari unapata upinzani mdogo wa upepo, kwa hiyo kazi iliyokuwa ya upepo inarudi kwa breki. Kyalami nayo ina mteremko mkali uitwao Mineshaft, na gari linaloshuka huku likikamatwa breki huzipa kazi ya ziada, kama utakavyoona hapa chini kwa mwenzetu anayeteremka kutoka Newala.

Basi tuanze na chupa. Kopo la mafuta ya breki huandikwa daraja lake. Mafuta mapya ya DOT 3 hayapaswi kuchemka chini ya nyuzi 205, ya DOT 4 chini ya 230, na ya DOT 5.1 chini ya 260. Hata hivyo hayo ni mafuta yaliyotoka kwenye kopo lililofungwa. Mafuta haya hunywa unyevu kutoka hewani, hata kupitia kwenye mipira ya breki, na yakishakunywa maji ya asilimia takriban 3.7 viwango hivyo huporomoka mpaka 140, 155 na 180. Kwa hiyo gari lenye DOT 4 ya miaka mitatu linaweza kuwa na mafuta mabaya kuliko DOT 3 iliyomiminwa jana. Sisi wa pwani hatuhitaji kuelezwa unyevu ni nini, maana chumvi yetu hulowa ndani ya kopo na shati lililoanikwa jioni huamka bichi. Gari la kaka yako linaishi bara kukavu, lakini umri nao hufanya kazi yake. Muulize mara ya mwisho yalibadilishwa lini. Kama jibu litaanza na "nadhani", nimeshapata jibu langu.

Hapa niungame jambo. Gereji niliyojifunzia ufundi, ambayo sitaitaja, ilikuwa na kopo moja la mafuta ya breki lililokaa wazi kwenye rafu, limefunikwa kwa kitambaa ili nzi wasiingie. Tulilitumia miezi na miezi. Siku moja tulimbadilishia mteja mafuta, tukampa gari, akarudi baada ya wiki akilalamika kwamba pedali inalegea akishuka milima. Tulitafuta uvujaji siku nzima bila kuuona. Tatizo tulikuwa tumemimina sisi wenyewe kwa mikono yetu. Tangu hapo nanunua makopo madogo, nafungua mbele ya mteja, na kinachobaki sikirudishi rafuni.

Kwa kazi ya uwanja, tafuta mafuta yaliyotengenezwa kwa mbio, ambayo yakiwa mapya huvumilia zaidi ya nyuzi 300, yabadilishwe yote muda mfupi kabla ya siku yenyewe, na upepo utolewe kwenye breki za magurudumu yote manne mpaka mafuta yatoke safi bila kiputo. Mafuta hayo nayo hunywa unyevu, kwa hiyo gari likirudi barabarani msiyaache miaka. Na jihadharini na DOT 5 isiyo na nukta moja mbele yake: hiyo ni silikoni, si ndugu wa hizi nyingine, na haichanganywi nazo.

Baada ya mafuta njoo kwenye pedi, ambazo hata kama safari hii hazikuwa na kosa, zinakaribia kuwa nalo. Pedi za barabarani hutengenezwa zishike vizuri asubuhi zikiwa baridi, zisipige kelele na zisichafue rimu. Zote hizo ni sifa nzuri kwa mtu anayekwenda sokoni, lakini pedi za uwanja huachana nazo ili ziendelee kushika diski inapokuwa na joto la mamia mengi ya nyuzi. Usizitumie mjini, kwa sababu zikiwa baridi hushika kwa uvivu. Na unene wake si wa kupuuza: pedi ndiyo ukuta kati ya diski ya moto na pistoni yenye mafuta nyuma yake. Pedi iliyobaki chini ya nusu inaruhusu joto lipite haraka kwenda kwenye mafuta, hata kama kwa barabara ingekuwa na miezi mingi ya kuishi. Nikilikagua gari la uwanja, nusu kwangu ni imekwisha.

Pedi mpya hazipelekwi uwanjani moja kwa moja. Lazima zizoeshwe na diski: breki kadhaa za wastani, kisha kadhaa za nguvu zaidi bila kusimama kabisa, halafu mwendo wa taratibu bila kugusa breki mpaka zipoe. Pedi isiyozoeshwa hutoa gesi yake yote mara ya kwanza inapochomwa, na dereva huteleza akidhani ameuziwa bandia.

La tatu ni upepo, ambalo ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Diski ya mbele ya gari kama hilo si bamba moja, ina njia katikati yake, na inapozunguka hufyonza hewa kutoka upande wa kitovu na kuitupa nje kwenye ukingo, kama feni. Kwa hiyo bomba linalochukua upepo kwenye bampa linapaswa kuufikisha kwenye kitovu cha diski, upande wa ndani. Nimeona watu wakielekeza bomba kwenye uso wa diski, wanapoza upande mmoja na kuuacha mwingine ukiungua, na hiyo ndiyo njia nzuri ya kuipasua. Mabomba mawili ya mpira unaovumilia joto, yaliyofungwa vizuri yasiguse tairi usukani unapokatwa mpaka mwisho, yana thamani kubwa kwangu kuliko rangi nyekundu ya kalipa.

Na mguu. Kaka yako hawezi kukununulia mguu. Dereva wa barabarani, tena dereva mwema, hugusa breki mapema na kwa upole, akaishikilia mpaka konani. Uwanjani upole huo unaunguza. Pedi hukaa zimebana diski muda mrefu, joto linapata nafasi ya kupenya mpaka kwenye kalipa na mafuta, na muda ambao upepo ungepoza chuma umeliwa na wewe mwenyewe. Kamata kwa nguvu, kwa muda mfupi, gari likiwa limenyooka, kisha achia kabisa. Usipumzishe mguu juu ya pedali, maana hata uzito mdogo wa kiatu unaweza kuzifanya pedi zisugue njia nzima.

Lipo pia jambo ambalo halina gharama yoyote. Ukiachia pedali ya mwendo mapema kidogo mwishoni mwa sehemu iliyonyooka, ukafika mahali pa kukamata breki ukiwa na kilomita 190 kwa saa badala ya 200, joto utakalozalisha kushuka mpaka 80 linapungua kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi. Ni siku ambayo hakuna mshindi wala kombe. Kumi hizo utazikosa wapi?

Kama gari lina mfumo wa kielektroniki wa kuzuia kuyumba, tazama taa yake. Mfumo huo hukamata breki za gurudumu moja moja bila kukuuliza, na kila taa inapomweka joto linaongezeka. Kwa mgeni wa uwanja sishauri uuzime. Nashauri ulainishe usukani mpaka taa ipungue kumweka. Pumzika kila baada ya dakika kumi na tano hivi, na mzunguko wa mwisho uutembeze taratibu, breki ukiziacha zipigwe upepo tu. Ukishaegesha usivute breki ya mkono wala kukanyaga pedali: weka gia, zuia gurudumu kwa kigingi, na baada ya dakika chache lisogeze gari kidogo ili pedi zisikae juu ya sehemu ileile ya diski ya moto. Na siku pedali itakapoanza kushuka hata kidogo zaidi ya ilivyokuwa asubuhi, rudi ndani mzunguko uleule. Haitajirekebisha wakati unaendelea kuipa joto.

Breki kubwa sizidharau. Diski nzito hubeba joto zaidi kabla ya kufika mahali pabaya, na dereva aliyeongeza nguvu ya injini au matairi yanayoshika sana atazihitaji. Lakini ukizifunga huku mafuta ni yaleyale ya zamani, umeahirisha tu mzunguko wa nne kuwa wa saba, na wa saba utakuwa na mwendo mkubwa zaidi kwa sababu utakuwa umejiamini.

SWALI: Mimi ni dereva wa lori, naishi Tandahimba. Msimu wa korosho napakia Newala na kuteremka upande wa Masasi. Nikiwa na mzigo, breki za nyuma hutoa moshi kabla sijafika chini. Utingo wangu huwa na dumu la maji, tukisimama anayamwagia magurudumu ili tuendelee. Mwenye gari anasema nabadilisha breki mno. Nifanyeje? — Dereva, Tandahimba

JIBU: Kwanza mnyang'anye utingo hilo dumu, au mwachie la kunywa. Dramu, lile pipa la chuma la breki linalozunguka na gurudumu, ikiwa ya moto na kumwagiwa maji baridi hunywea upande mmoja kabla ya mwingine, na nyufa huanzia hapo. Leo utaona mistari myembamba kama ya chungu cha zamani, kesho itakutana.

Mwenzako wa Shangani anapambana na mwendo. Wewe unapambana na kimo. Lori lenye uzito wa jumla wa tani 25 hutoa juli karibu milioni 24.5 kwa kila mita 100 za kimo linazoshuka, hata kama linatembea pole kama mkokoteni. Ni zaidi ya mara kumi na mbili ya ile breki kali ya Subaru niliyoihesabu hapo juu, na hujamaliza mteremko. Hakuna dramu itakayobeba hayo peke yake. Injini lazima ichukue sehemu kubwa.

Ingiza gia ndogo ukiwa bado juu, kabla lori halijaanza kukusukuma, kwa sababu ukishachelewa unaweza kutoa gia na usiweze kuingiza nyingine, nawe ukabaki unatiririka bila injini. Kama lori lina breki ya egzosti, ile inayoziba njia ya moshi ili injini ilishike lori, iwashe tangu juu. Chagua mwendo ambao injini inaweza kuushikilia. Lori likiuzidi, kamata breki kwa uthabiti mpaka ushuke kilomita nane au kumi kwa saa chini yake, kisha achia kabisa dramu zipumue. Kushikilia breki kidogo kidogo kuanzia juu mpaka chini ndiko kunakoleta moshi. Dramu inapopata joto hutanuka na kuzikimbia bresheni, yaani vile vipande vinavyoisugua kwa ndani, zikawa na safari ndefu zaidi kuifikia, na breki zilizolegea marekebisho hufika mwisho wa safari hiyo kabla ya kukamata. Kwa hiyo yapimwe marekebisho ya magurudumu yote. Mara nyingi mawili ya nyuma hutoa moshi kwa sababu mengine yanategea, na mwenye gari anabadilisha zile zinazofanya kazi.

SWALI: Nina gari dogo, nipo Lindi mjini. Tangu niliposafiri usiku na kukamata breki kali mara kadhaa, usukani unatikisika kila nikikanyaga breki katika mwendo mkubwa. Fundi wa mtaani anasema diski zimepinda, ninunue mpya. — Msomaji, Lindi

JIBU: Huenda zimepinda, lakini mara nyingi zaidi zimechafuka. Ukisimama ghafla na kuendelea kukanyaga pedali huku diski ni ya moto, pedi huacha utando wa malighafi yake mahali hapo, na kila utando huo unapopita kwenye pedi mkono wako unatikiswa. Mwambie fundi apime diski kwa kipimo kabla ya kukuuzia, akague pia kama nati za rimu zimekazwa sawa, maana zikizidiana hutoa dalili hiyohiyo. Kama diski ina unene wa kutosha, breki kadhaa za wastani kwenye barabara iliyo wazi, kwa utaratibu ule wa kuzoesha pedi nilioueleza hapo juu, huweza kuusawazisha utando, na zikishindwa ipelekwe kuchongwa. Unene wa mwisho unaoruhusiwa kwa kawaida umechorwa kwenye diski yenyewe, sehemu ya kitovu au kwenye ukingo. Futa kutu usome.